Wakija na fomu ya utafiti, usikimbie na usisaini haraka

Dada yangu alinipigia simu Jumapili jioni kutoka Mkalama. Nikamwamkia, "Shikamoo dada," akaitikia marahaba harakaharaka, kisha akauliza kilichomfanya apige: "Wewe unayeandika habari za afya, hawa watu wa utafiti ni watu wa kweli?"

Watu hao walifika kijijini kwao siku mbili kabla, wakiongozwa na mhudumu wa afya wa jamii. Kijana mmoja na binti mmoja, kila mmoja na kishikwambi chake. Wanatafuta watoto wachanga wa kuwafuatilia lishe na ukuaji. Watakuwa wanapima uzito na urefu, watachukua choo kidogo na tone la damu. Walimwachia fomu ya kurasa nne wakasema watarudi Alhamisi.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama mkwe ameshatoa hukumu kwamba damu ya mjukuu wake inapelekwa Ulaya kuuzwa, na amekumbusha habari za mumiani alizozisikia tangu utotoni. Shemeji yangu amesema mama wa mtoto ndiye aamue. Jirani naye amesikia kuna sabuni inagawiwa, atasaini hata bila kusoma.

"Sasa mimi nishike lipi?" dada akauliza.

Nilimwomba anipe siku mbili. Msomaji wangu, nayaandika hapa niliyomjibu kwa sababu najua si yeye peke yake. Singida yetu inapakana na maeneo yanayofanyiwa utafiti wa afya kila mwaka, na siku moja mtu mwenye kishikwambi anaweza kubisha hodi kwako.

Mtoto ambaye hakulia

Kwanza niseme kwa nini swali la dada lilinigusa. Huyu mtoto anayeombewa kuingia kwenye utafiti ni wa pili. Wa kwanza alizaliwa miaka mitano iliyopita, usiku, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Muuguzi alikuwa mmoja na akina mama waliokuwa wakijifungua walikuwa wawili. Mtoto alitoka hakulia. Walimpangusa, wakampigapiga nyayo, wakamnyunyizia maji. Mfuko wa kumpulizia hewa ulikuwepo, lakini ndani ya kabati lililofungwa, na ufunguo alikuwa nao mwenzao aliyemaliza zamu. Ufunguo ulipopatikana, mtoto alikuwa ameshaondoka.

Hatukuelezwa sababu. Tuliambiwa ni mapenzi ya Mungu, tukamzika asubuhi. Mimi nilikuwa chuoni wakati huo, na kwa muda mrefu nilijiuliza: ile dakika moja au mbili za kutafuta ufunguo, kweli zingebadilisha kitu?

Jibu nililipata baadaye, na lilitoka karibu na nyumbani kuliko nilivyodhani.

Dakika zilizohesabiwa Haydom

Watu wengi wa Mkalama na Iramba wanaijua Hospitali ya Kilutheri Haydom. Iko Mbulu, mkoa wa Manyara, karibu na mpaka wetu, na imekuwepo tangu mwaka 1955 ilipoanzishwa na wamisionari kutoka Norway. Wengi wetu tunaifahamu kama mahali pa kukimbizia mgonjwa. Wachache wanajua kwamba pia ni mahali ambapo maswali makubwa kuhusu uzazi yamepata majibu yanayosomwa dunia nzima.

Mwaka 2009 Wizara ya Afya ilianza kufundisha wakunga namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua, kwa mafunzo yaitwayo Helping Babies Breathe yaliyoandaliwa na madaktari wa watoto wa Marekani na wenzao. Mafunzo hayo yanasisitiza dakika ya kwanza, ambayo wakunga huiita dakika ya dhahabu: mkaushe mtoto, msisimue, na asipopumua, mpulizie hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika hiyo haijaisha. Hospitali 8 za Tanzania zilifuatiliwa, Haydom ikiwa mojawapo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, mwandishi wake wa kwanza akiwa Dk. Georgina Msemo wa Wizara ya Afya, yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Ni karibu nusu.

Haydom ilitaka kujua zaidi. Ikishirikiana na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Stavanger ya Norway, iliweka wasaidizi wa utafiti kwenye wodi ya wazazi mchana na usiku, kwa zamu. Kazi yao ilikuwa kutazama saa na kuandika. Mtoto ametoka saa ngapi? Amepumua saa ngapi? Kama hakupumua, hewa ilianza kupulizwa baada ya sekunde ngapi? Waliwaandika hivyo watoto zaidi ya 5,800.

Kwa watoto waliohitaji kupuliziwa hewa, kila sekunde 30 za kuchelewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufariki au kulazwa kwa muda mrefu. Takwimu hiyo ilichapishwa mwaka 2012. Nilipoisoma niliifunga kompyuta nikatoka nje. Ufunguo wa kabati lile haukutafutwa kwa sekunde 30.

Utafiti huo haukuchukua damu ya mtu kwenda kuiuza. Ulihitaji saa, karatasi, na akina mama walioruhusu mgeni akae pembeni wakati wao mgumu kuliko wote. Kwa sababu yao, leo mkunga anaweza kusimama mbele ya mganga mfawidhi na kusema mfuko usifungiwe kabatini, na ana ushahidi mkononi.

Semina ya siku moja haikutosha

Jambo linalofuata ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu linatuhusu sisi Watanzania na semina zetu.

Mwaka 2010 wahudumu wa Haydom walipata mafunzo hayo ya siku moja. Walipopimwa kwa kutumia mwanasesere, walifanya vizuri sana. Lakini watafiti waliporudi wodini kutazama watoto halisi, walikuta utendaji haujabadilika. Mkono uliojua kazi mbele ya mwanasesere ulisita mbele ya mtoto wa kweli.

Wangeweza kuficha matokeo hayo. Mfadhili amelipia mafunzo, watu wamepiga picha, vyeti vimegawiwa. Hawakuyaficha. Waliyachapisha, kisha wakajaribu njia nyingine: mwanasesere akaachwa hapohapo wodini, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi. Mtafiti wa Haydom, Estomih Mduma, na wenzake walitoa matokeo mwaka 2015. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000.

Daktari na wakunga ni walewale, wodi ni ileile. Kilichoongezeka ni dakika chache za mazoezi kila wiki.

Norway ilileta fedha, utaalamu na wanasesere waliotengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Stavanger. Lakini swali la kwa nini mafunzo hayakubadilisha wodi lisingeweza kujibiwa Norway. Huko watoto wanaohitaji kupuliziwa hewa ni wachache na wahudumu ni wengi. Jibu lilikuwa kwetu. Na wodi ya Haydom iliwafundisha wageni pia: vifaa vilivyotokana na ushirikiano huo, kama kile kiitwacho Moyo kinachosikiliza mapigo ya moyo wa mtoto akiwa bado tumboni, vilijaribiwa mikononi mwa wakunga wa Haydom na Dar es Salaam.

Mikoa mitatu jirani zetu

Mbegu hiyo imekua. Februari 2025 jarida la New England Journal of Medicine, ambalo madaktari wa dunia nzima hulisoma, lilichapisha matokeo ya mpango wa Safer Births kutoka vituo 30 katika mikoa mitano ya Tanzania: Manyara, Tabora, Shinyanga, Geita na Mwanza. Ulihusisha karibu akina mama 280,000. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara, vifaa bora na takwimu zinazojadiliwa na wahudumu wenyewe viliunganishwa pamoja. Vifo vya watoto, kwa maana ya waliofia tumboni karibu na kuzaliwa na waliofariki ndani ya siku ya kwanza, vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000.

Jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi wa makala hiyo ni la Mtanzania, Dk. Benjamin Kamala wa Haydom. Dk. Hege Ersdal wa Stavanger, aliyeongoza hesabu za zile dakika mwanzoni, yumo pia. Mzazi anaweza kusema majina hayamhusu. Yanamhusu. Mwenye jina la kwanza mara nyingi ndiye aliyeshika kalamu, na mshika kalamu akiwa wa kwetu, swali linalofuata linakuwa na nafasi kubwa ya kuwa la kwetu.

Singida haikuwa kwenye mikoa hiyo mitano, lakini mitatu kati yake inapakana nasi. Kwa hiyo nina ombi kwa mzazi anayehudhuria kliniki Kiomboi, Ikungi, Manyoni au Nduguti: muulize mkunga wako kwa heshima, "Mnafanya mazoezi ya kumsaidia mtoto asiyepumua? Mara ngapi? Mfuko wa hewa unakaa wapi?" Matokeo ya utafiti hayana mpaka wa mkoa.

Utafiti uliojibu "hapana"

Sasa turudi kwenye utafiti unaofanana na wa dada, wa lishe na ukuaji.

Tanzania bado ina udumavu mwingi. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyodai. Kuanzia mwaka 2009 vijiji vinavyoizunguka Haydom viliingia kwenye utafiti mkubwa ulioitwa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa katika nchi nane, zikiwemo Bangladesh, Peru na Afrika Kusini. Moja ya mambo yaliyoonekana ni kwamba watoto wengi hubeba vimelea tumboni hata wakiwa hawaharishi.

Likaja swali: je, tukiviua vimelea hivyo kwa dawa, mtoto ataongezeka urefu? Haydom na Chuo Kikuu cha Virginia cha Marekani wakawaandikisha watoto 1,188 walipokuwa na umri wa siku chache tu. Kwa njia ya bahati nasibu, wengine walipewa dawa za kuua vimelea au vitamini ya aina ya B3, na wengine walipewa kitu kinachofanana nazo kisicho na dawa ndani.

Matokeo yalitoka mwaka 2021. Watoto walipopimwa wakiwa na miezi 18, hapakuwa na tofauti ya urefu. Dawa hazikusaidia.

Kuna mtu atasema basi wazazi wale walipotezewa muda. Mimi naona walituokoa. Bila jibu hilo, huenda leo watoto wetu wangekuwa wanamezeshwa antibayotiki kila baada ya miezi michache ili warefuke, vimelea vikizoea dawa, na siku mtoto akiugua kweli dawa isifanye kazi. Kwa hiyo mzazi ambaye huwa unapita duka la dawa kununua vidonge vya kuua bakteria ili mtoto "anenepe", acha. Swali hilo limeshajibiwa, na waliolijibu ni watoto wa jirani zako.

Fedha za wageni zina mwisho

Nisiwapambe wageni kupita kiasi. Zipo tafiti zilizokuja, zikachukua sampuli, zikaondoka, na wanakijiji hawakuambiwa hata kilichopatikana. Hofu ya mama mkwe wa dada haikutoka hewani. Mtu anayechukua bila kurudisha habari hufanana sana na mumiani, hata kama damu haiuzi.

Pia fedha hukatika. Mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID, miradi mingi ya afya Afrika ilisimama ndani ya wiki chache, na watu waliokuwa na ajira Ijumaa hawakuwa nayo Jumatatu. Ushirikiano unaobaki ni ule ulioacha ujuzi mikononi mwa watu. Mwanasesere wa wodini haombi bajeti kila wiki. Mtanzania aliyesomeshwa hadi shahada ya uzamivu haondoki mradi unapofungwa.

Maswali saba ya Alhamisi

Ukishakuwa na picha hiyo, fomu haitishi tena. Inabaki kuwa kitu cha kusoma na kuuliza. Haya ndiyo niliyomwambia dada aulize:

1. Mna kibali? Utafiti wa afya kwa binadamu hapa nchini unahitaji kibali cha maadili, na wa kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Majaribio ya dawa au chanjo yanahitaji pia kibali cha TMDA. Mwombe akuonyeshe. Mtafiti wa kweli hakasiriki.

2. Mnataka kujua nini? Akishindwa kukueleza kwa Kiswahili cha kawaida, mwambie arudi siku nyingine.

3. Mtoto wangu atafanyiwa nini, mara ngapi, na mtachukua damu kiasi gani? Usikubali jibu la "kidogo tu". Omba akuonyeshe kichupa chenyewe.

4. Kuna bahati nasibu? Kama kuna kundi linalopata dawa na lingine lisilopata, una haki ya kulijua hilo kabla, hata kama hutaambiwa mtoto wako yuko kundi lipi.

5. Sampuli zinakwenda wapi? Zikienda nje ya nchi, lazima kuwe na mkataba wa kuzisafirisha ulioidhinishwa hapa. Si siri, uliza.

6. Nikijitoa itakuwaje? Jibu sahihi ni moja: unajitoa siku yoyote, bila kutoa sababu, na huduma ya kliniki ya mtoto inaendelea kama kawaida. Ukiambiwa vinginevyo, mrudishie fomu yake.

7. Mtarudi lini kutuambia mlichokipata? Hili wengi hulisahau. Mimi naliweka la mwisho ili libaki kichwani.

Na nakala ya fomu iliyosainiwa ni mali yako. Iweke pamoja na kadi ya kliniki. Sabuni au nauli utakayopewa ni fidia ya usumbufu wako tu. Usiisaini kwa ajili ya sabuni, na usiache kuisaini kwa ajili ya mumiani.

Alhamisi ilivyokwenda

Dada alinitumia picha za kurasa zote nne kwa WhatsApp. Ukurasa wa tatu ulikuwa na sentensi ambayo hata mimi niliisoma mara tatu, kuhusu sampuli kuhifadhiwa kwa "matumizi ya baadaye". Nikamwambia aulize hiyo kwanza.

Walipofika aliwakaribisha, akawawekea viti chini ya mti, akamwita mama mkwe akae naye. Aliuliza yote saba. Kwenye ile sentensi, binti wa utafiti alimwonyesha kisanduku kidogo anachoweza kutia alama ya "hapana" na bado mtoto akaendelea kushiriki. Hakuwa amekiona. Mimi pia sikuwa nimekiona.

Mama mkwe aliuliza swali la nane, ambalo halikuwa kwenye orodha yangu: "Mwanangu, wewe umezaliwa wapi?" Binti akajibu Iramba, akataja na kijiji. Mazungumzo yakahamia kwenye Kinyiramba kwa muda, mpaka dada akawakumbusha kwamba kuna fomu.

Alisaini. Kwenye kisanduku cha matumizi ya baadaye alitia alama ya hapana. Pia aliwafanya waandike kwa mkono, nyuma ya nakala yake, mwezi ambao watakuja kutoa mrejesho kwenye mkutano wa kijiji.

Usiku alinipigia tena. Nilimuuliza kwa nini amekubali, maana sikuwa nimemshauri akubali wala akatae. Alinyamaza kidogo, akasema: "Kuna mama aliruhusu watu wahesabu zile dakika. Kama angekataa, wewe ungejua?"

Kisha akaniaga, mtoto alikuwa ameamka analia.

Kama umewahi kushiriki utafiti na hukupewa mrejesho, au ulipewa na ukakusaidia, niandikie kupitia ukurasa huu. Tukutane wiki ijayo.